Rambirambi bila samaki: kisa cha orka J35

Jumanne ya tarehe 24 Julai 2018, karibu na mji wa Victoria, pwani ya magharibi ya Kanada, orka mmoja, yaani nyangumi muuaji, alijifungua. Ndama alikuwa jike. Aliogelea kidogo ubavuni mwa mama yake, na haikupita nusu saa akawa amekata roho. Watafiti wa Center for Whale Research walipofika na boti yao walimkuta mama anausukuma mwili wa mwanawe kwa pua, akielekea upande wa kisiwa cha San Juan, Marekani.

Ndama wa orka akifa mchanga kiasi hicho mwili wake hauelei, kwa kuwa hajaweka bado mafuta ya kutosha chini ya ngozi. Huzama. Kwa hiyo mama ilimbidi ambebe: anamweka juu ya paji la uso, anaogelea, wimbi linamtelezesha, mtoto anazama, mama anavuta pumzi ndefu kadhaa, anapiga mbizi, anamtafuta, anamrudisha juu. Ndama anapozaliwa huwa na kilo 180 hivi. Siku ya kwanza mama alifanya hivyo, na ya pili, na ya tatu. Watu wakasema leo atamwacha. Hakumwacha. Alimbeba siku 17, na safari yake ilikadiriwa kufika kilomita 1,600. Reli ya kati kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma haifiki urefu huo.

Kuna jambo moja la siku za mwanzo ambalo limenikaa kichwani. Mkazi mmoja wa kisiwa cha San Juan alieleza kwamba jua lilipokuwa linatua aliona majike watano au sita wamejikusanya mdomoni mwa kighuba karibu na kwake, wameshikana duara, wanazunguka taratibu juu ya maji kwa karibu saa mbili. Giza likaingia, mwezi ukatoka, nao wakabaki palepale kwenye mstari wa mwanga wa mwezi, wakisogea kadiri mwanga ulivyosogea. Walikuwa wanafanya nini? Hakuna aliyeweza kumjibu.

Habari zikasambaa. Huyu mama kwenye daftari za watafiti anaitwa J35, na jina lake la mtaani ni Tahlequah. Magazeti na televisheni za mbali kabisa na bahari ile zilikuwa zikiuliza kila asubuhi: bado amembeba? Watu walitunga mashairi, wakachora picha, wakalia waziwazi kwenye redio. Wanawake waliowahi kuzaa watoto waliokufa waliandika mambo ambayo walikuwa hawajawahi kumwambia mtu. Wanasayansi wengine walijaribu kutuliza mambo, wakasema tusimvike mnyama hisia za binadamu, pomboo wa aina nyingi huonekana wakibeba watoto wao waliokufa. Ni kweli, na mimi sioni kama hoja hiyo inapunguza chochote. Inaongeza tu idadi ya wafiwa.

Kwa ufupi, dunia ilikuja msibani. Sasa, kwetu mwambao na bara, mtu haendi msibani mikono mitupu. Anayeweza huleta gunia la mchele, mwingine sukari, mwingine kuni, mwingine bahasha ya rambirambi anaiandikisha kwenye daftari pale kwenye turubai. Kulia ni kulia, lakini waliofiwa wanatakiwa wale. Kisa hiki nimekifuatilia kwa miaka sasa, na swali langu ni hilo hilo la wanaoshika daftari: katika msiba huu, nani alileta mchele?

Ukoo wenyewe

Orka wengi wetu tunamjua kwa jina la nyangumi muuaji, ingawa kwa ukoo ni pomboo, mkubwa kuliko pomboo wote. Wako katika bahari zote duniani, na kwa jumla hawako hatarini kutoweka. Wanaozungumziwa hapa ni ukoo mmoja tu, Wakaazi wa Kusini, wenye makundi matatu yanayoitwa J, K na L. Maji yao ya kiangazi ni Bahari ya Salish, yaani ile mikono ya bahari iliyo kati ya Vancouver, Victoria na Seattle. Kundi linafuata mama. Mtoto wa kiume haondoki kwa mama yake hata akiwa dume la tani kadhaa, na mama akifa, hatari ya dume huyo kufa inapanda ghafla. Bibi ambaye hazai tena ndiye anayetangulia kwenye kutafuta chakula, na samaki akipatikana anakatwa na kugawanywa. Wana milio yao, tofauti na ya majirani, kama lafudhi.

Na wana mwiko: hawali nyama. Sili anaweza kupita mbele yao akaenda zake. Wanakula samaki, na katika samaki wanataka samoni, na katika samoni wanataka hasa Chinook, yule mkubwa kuliko wote, mwenye mafuta. Katika maji hayohayo wanapita orka wa aina nyingine wanaokula sili na simba wa bahari. Hao wamenenepa na wanaongezeka, kwa sababu sili walilindwa na sheria tangu miaka ya 1970 na wakajaa. Bahari moja, na mmoja anakula anasaza wakati jirani yake analala njaa.

Kuwajua kwa sura ni kazi iliyoanzishwa miaka ya 1970 na mtafiti wa Kanada, Michael Bigg. Alipiga picha mapezi ya mgongoni na lile doa la kijivu lililo nyuma ya pezi, akagundua hakuna mawili yanayofanana. Kila mmoja akapewa herufi na namba. Mwaka 1976 Ken Balcomb akaanza sensa ya kila mwaka upande wa Marekani, kazi aliyoiendesha hadi kifo chake mwaka 2022. Mwaka 1984 jumba la makumbusho la Friday Harbor likaanzisha mpango wa kuwapa majina na kuwaruhusu watu wawalee kwa mchango: unatoa fedha, unapata cheti chenye picha ya orka wako. Hivyo mama yake Tahlequah, J17, ni Princess Angeline, na mwanawe wa kwanza, J47, ni Notch. Watoto wa shule za Seattle wanaijua nasaba hii kwa kichwa. Sidhani kama kuna wanyamapori wengine duniani wanaojulikana kwa majina mpaka mtu wa mwisho namna hii. Mimi kuku wa jirani yangu siwajui hivyo.

Yalikotoka mapenzi

Usidhani walipendwa siku zote. Wavuvi waliwaona wezi wa samaki na waliwapiga risasi. Mwaka 1961 idara ya uvuvi ya Kanada ilifunga bunduki ya rashasha kwenye mlango wa bahari wa Seymour Narrows, karibu na Campbell River, ili kuwafyeka wakipita. Haikufyatuliwa hata mara moja, lakini ilifungwa, na hakuna aliyeandamana.

Kilichobadilisha mambo ni mkuki. Mwaka 1964 hifadhi ya samaki ya Vancouver ilitaka sanamu ya orka, ikamtuma mchongaji Samuel Burich kisiwa cha Saturna akaue mmoja wa kupimia. Akamchoma. Orka hakufa. Wakamkokota kwa kamba hadi Vancouver, wakampa jina Moby Doll wakidhani ni jike. Aliishi miezi mitatu hivi, na katika muda huo watu wakashangaa: mnyama waliyeambiwa ni muuaji alikuwa mpole, anaita wenzake, anakubali kulishwa kwa mkono. Alipokufa wakagundua alikuwa dume. Alikuwa wa kundi J, kundi la Tahlequah.

Kutoka hapo kila mwenye bwawa la maonyesho akataka wa kwake. Mapenzi yaliyozaliwa Vancouver yakageuka soko. Agosti 1970, kwenye ghuba ya Penn Cove, kisiwa cha Whidbey, wakamataji walitumia boti, ndege na baruti kuwasukuma makumi ya orka kwenye nyavu. Walichukua wadogo, maana wadogo ni rahisi kusafirisha, huku mama zao wakiita nje ya wavu na wakikataa kuondoka. Ndama kadhaa walinaswa wakafa maji. Waliokamata waliwapasua matumbo, wakayajaza mawe, wakawazamisha ili watu wasijue. Miezi michache baadaye bahari ikawarudisha ufukweni. Mmoja wa waliouzwa siku zile ni Tokitae, aliyepelekwa Miami na kuchezeshwa kwa jina la Lolita. Alikufa huko Agosti 2023, baada ya zaidi ya nusu karne kwenye bwawa, wakati mipango ya kumrudisha kwao ilikuwa mezani.

Hadi ukamataji ulipokoma mwaka 1976, karibu 50 wa ukoo huu walikuwa wamechukuliwa au kufa, wengi wao vijana ambao leo wangekuwa akina mama na baba. Walibaki kama 70. Walipanda polepole hadi 98 mwaka 1995, kisha wakaanza kushuka. Kanada ikawaorodhesha kuwa hatarini kutoweka mwaka 2001, Marekani mwaka 2005.

Anayeifahamu Kizimkazi, Unguja, hatashangaa. Pale pia pomboo waliwahi kuvuliwa wawe chambo cha papa, kisha wakaja watalii, na mnyama akawa na thamani akiwa hai. Na asubuhi ya msimu, boti kumi zikiwazunguka pomboo watano, wageni wanaruka majini kwa furaha, unajiuliza anayependwa anapumzika saa ngapi.

Scarlet

Wakati Tahlequah bado amembeba mtoto, katika kundi lilelile kulikuwa na mgonjwa. J50, jina lake Scarlet, mtoto wa kike aliyezaliwa Desemba 2014. Alizaliwa na alama za meno mwilini, na wakati huo wataalamu walihisi kwamba majike wenzake walimvuta kumtoa tumboni, yaani alizalishwa na wakunga. Alipokuwa mdogo alijulikana kwa kuruka. Sasa, akiwa na miaka mitatu na nusu, alikuwa amekonda hadi mafuta ya nyuma ya kichwa yameisha na shingo imeonekana. Orka hana shingo ya kuonekana. Watafiti wanaliita umbo hilo kichwa cha karanga, kwa jinsi ganda la karanga linavyobonyea katikati, na anayefikia hapo kwa kawaida haponi.

Serikali mbili zikahangaika. Wakati mwingine Scarlet alikuwa upande wa Kanada na waganga wakasubiri kibali. Tarehe 9 Agosti daktari wa wanyama wa Vancouver alimrushia mshale wenye dawa ya antibaotiki. Tarehe 12, watu wa taifa la Lummi, wenyeji wa asili wa mwambao ule, walikwenda na boti yenye samaki hai. Samaki hao walikuwa Chinook wanane wa kufugwa, waliachiwa mmoja mmoja kupitia bomba, mita zipatazo mia mbele ya Scarlet, wakitumaini atawadaka. Kwa lugha yao Walummi huwaita orka jina lenye maana ya jamaa zetu walio chini ya mawimbi, na kwao lile halikuwa jaribio la kisayansi. Ilikuwa kumpelekea ndugu chakula. Katika msiba mzima, hao ndio niliowaona wameleta mchele, tena kwa maana halisi kabisa.

Hakuna aliyethibitisha kwamba Scarlet alikula. Alizidi kubaki nyuma ya mama yake, wakati mwingine kwa kilomita kadhaa, mkondo ukimshinda. Septemba serikali ya Marekani ikatangaza mpango wa kumshika na kumtibu iwapo atakwama ufukweni au kutengana kabisa na kundi, na ikaitisha mikutano ya hadhara kusikiliza maoni. Tarehe 13 Septemba, kabla ya mikutano, Balcomb akasema ameshakufa. Ndege na boti zilimtafuta siku kadhaa. Mwili haukuonekana.

Nimesoma watu wakizikebehi juhudi zile, kwamba ni gharama kubwa kwa mnyama mmoja. Mimi sizikebehi. Jike mmoja katika ukoo wa watu 75 ni matumaini ya watoto watano au sita. Ninachokiona ni kingine: kwa mtoto mmoja mgonjwa mwenye jina, vibali vya nchi mbili vilipatikana, waganga walipatikana, samaki wanane walipatikana. Wenzake wote 74 walikuwa na ugonjwa uleule, ila wao walikuwa hawajakonda kiasi cha kupigwa picha.

Kilichomo tumboni

Mbwa mmoja mweusi aliyeitwa Tucker alijua mengi kuhusu jambo hili kuliko wanasiasa. Alifundishwa na watu wa Chuo Kikuu cha Washington kunusa kinyesi cha orka kinachoelea. Alisimama kwenye pua ya boti, na harufu ikimfikia aliegemea upande inakotoka, nahodha akamfuata. Maji yenyewe hakuyapenda. Kutokana na kinyesi kilichokusanywa kati ya 2008 na 2014, timu ya Sam Wasser ilipima homoni za mimba na za njaa, na mwaka 2017 ikatoa jibu: asilimia 69 ya mimba zilizogundulika hazikuzaa mtoto aliyeishi. Theluthi moja ya zilizoharibika ziliharibika karibu na kujifungua au muda mfupi baada yake. Mimba ya orka ni miezi 17 hadi 18. Kwa hiyo Tahlequah hakuwa tukio la ajabu. Alikuwa mmoja wa wengi, ila yeye alifiwa mchana na watu wakiangalia.

Sababu kuu inayojirudia ni njaa, na njaa ina wasaidizi wake. Sumu za viwandani kama PCB, ambazo Marekani ilizipiga marufuku mwaka 1979, bado zimo baharini na hupanda kutoka samaki hadi samaki mpaka kwa orka. Zinajificha kwenye mafuta ya mwili. Mnyama akishiba, hutulia humo. Akikosa chakula, mwili unayeyusha mafuta, na sumu inaingia kwenye damu. Mama anayenyonyesha anampa mtoto maziwa yenye mafuta mengi, na pamoja nayo anampa sumu aliyoikusanya miaka yote, na mtoto wa kwanza ndiye anayebeba sehemu kubwa. Kisha kelele: orka huwinda kwa sauti, anatoa mlio na kusikiliza mwangwi unaorudi kutoka kwa samaki. Meli ya mizigo au boti ya kasi ikipita karibu, mwangwi unapotea, na majike wana tabia ya kuacha kuwinda kabisa boti zikiwakaribia. Na mwaka 2023 utafiti wa vinasaba ulionyesha kwamba wamezaliana ndugu kwa ndugu kwa muda mrefu. Madume wawili tu, J1 na L41, ndio baba wa zaidi ya nusu ya watoto waliopimwa waliozaliwa tangu 1990. Hapo ndipo unapowakumbuka wale vijana wa Penn Cove.

Lakini mnyama aliyeshiba anaweza kuvumilia kelele na sumu kwa muda. Mwenye njaa hawezi. Chinook ndiye ufunguo, na Chinook ana watu.

Nani alipe

Machi 2018, miezi minne kabla ya msiba, Gavana Jay Inslee wa jimbo la Washington alikuwa ameshaunda kikosi kazi cha kuwaokoa orka hawa. Tahlequah aliwakuta wako kazini, na baada yake vikao vikajaa watu na machozi. Novemba kikosi kikatoa mapendekezo 36, na Desemba gavana akaomba bajeti ya dola bilioni 1.1. Mapendekezo yaligusa kila kitu: vifaranga zaidi vya samoni, makazi ya samaki mitoni, sumu, meli, utafiti.

Ukitaka kujua jamii inathamini nini usisome mapendekezo. Angalia lipi lilipita haraka. Lililopita haraka ni la boti za kutazama. Pendekezo la kusitisha kabisa kwa miaka kadhaa utalii wa kuwatazama Wakaazi wa Kusini halikupita, lakini mwaka 2019 sheria ilisogeza boti hadi mita 270 hivi ubavuni na kama mita 365 mbele na nyuma, na kupunguza mwendo. Tangu 1 Januari 2025 umbali ni yadi 1,000, zaidi kidogo ya mita 900. Manahodha walilalamika kwamba wao ndio walinzi wa kwanza, ndio wanaozisimamisha boti binafsi zinazokuja kasi bila kujua. Wana hoja. Hata hivyo mimi naiunga mkono sheria, kelele ni kelele hata ikiwa ya mpenzi. Ila tuseme ukweli: waliolipishwa kwanza ni wale waliokuwa karibu zaidi na mfiwa. Meli kubwa za mizigo ziliombwa kupunguza mwendo kwa hiari katika mlango wa bahari wa Haro, na nyingi kwa kweli zinapunguza. Upande mwingine, Mei 2024 bomba la mafuta la Trans Mountain lililopanuliwa lilifunguliwa karibu na Vancouver, na mpango wake tangu mwanzo ulikuwa kuongeza meli za mafuta mara saba katika maji hayohayo.

Wavuvi nao. Shirika moja la uhifadhi lilikwenda mahakamani likitaka uvuvi wa Chinook kwa ndoano kusini mashariki mwa Alaska usitishwe, kwa kuwa samaki wanaovuliwa kule ni wale ambao wangeshuka kusini kwa orka. Mei 2023 jaji akakubali. Juni, siku chache kabla ya msimu, mahakama ya rufaa ikazuia amri hiyo. Ninawaelewa waliofungua kesi, lakini pia ninamwelewa mvuvi wa mashua moja na ndoano zake, anayeuliza kwa nini aanze yeye wakati mito imefungwa kwa zege.

Mito ndiyo sehemu ngumu. Chinook huzaliwa mtoni, hushuka baharini akiwa mdogo kama kidole, hukaa miaka kadhaa, kisha hurudi mtoni kwake kuzaa na kufa. Mto ukifungwa, mzunguko unakatika. Kwenye mto Snake, sehemu ya chini, serikali ya Marekani ilikamilisha mabwawa manne kati ya 1961 na 1975: Ice Harbor, Lower Monumental, Little Goose na Lower Granite. Samaki wa huko lazima apite mabwawa manane, akihesabu na ya mto Columbia unaopokea maji ya Snake, kwenye maji yaliyotuama na yenye joto. Mataifa ya wenyeji wa asili, Nez Perce wakiwemo, wanataka manne yale yabomolewe. Walihakikishiwa haki ya uvuvi kwa mkataba karne ya 19, na wanauliza haki ya kuvua ina maana gani mto ukiwa hauna samaki. Lakini mabwawa hayo yanatoa umeme, na yanaufanya mji wa Lewiston, Idaho, uwe bandari ingawa uko kilomita karibu 750 kutoka baharini. Ngano ya wakulima inashuka kwa tishari hadi Portland. Ukimwambia mkulima wa Idaho kwamba orka wanaokaa mbali naye wana njaa, anakuuliza lori la kubeba ngano yake utalilipia wewe?

Desemba 2023 serikali ya Rais Biden, majimbo mawili na mataifa manne ya wenyeji walifikia makubaliano ya kuandaa njia ya siku moja kuyabomoa, kwa kutafuta kwanza umeme na usafiri mbadala. Juni 2025 Rais Trump akayafuta.

Hata mabwawa yale yangebomolewa jana, shida isingeisha yote. Samaki wa kiangazi wanaoliwa na orka hawa wengi ni wa mto Fraser wa Kanada, ambako hakuna bwawa kwenye mto mkuu, na huko nako mwishoni mwa 2018 jabali liliporomoka mahali paitwapo Big Bar na kuziba njia ya samaki. Wanaoimba mabwawa peke yake wanarahisisha. Kwa upande mwingine, wanaotaja Fraser ili mabwawa yasiguswe wanafanya kitu kibaya zaidi ya kurahisisha. Majira ya baridi na masika orka hukaa mwambao wa wazi, karibu na mdomo wa Columbia, na msimu huo ndio wenye njaa kali.

Baada ya matanga

Tahlequah aliuachia mwili. Tarehe 11 Agosti 2018 alionekana mlango wa Haro akifukuza samaki na wenzake, mchangamfu, mzoga haupo. Mwaka uliofuata mama yake, Princess Angeline, alihesabiwa miongoni mwa waliokufa. Septemba 2020 Tahlequah alizaa mtoto wa kiume, J57, akaitwa Phoenix, naye yupo hadi leo. Watu walisherehekea kama harusi.

Desemba 2024 akaonekana na ndama mpya, wa kike, J61. Furaha ilidumu siku chache. Watafiti waliomtazama hawakuipenda hali ya mtoto. Tarehe 31 Desemba ikathibitishwa kwamba J61 amekufa na mama amembeba kichwani, kama alivyombeba yule wa 2018. Siku hiyohiyo ilithibitishwa kwamba kundi lina ndama mwingine, J62, mzima.

Kesho yake sheria ya yadi 1,000 ikaanza kutumika. Waliotaka kumwona Tahlequah safari hii ilibidi wasimame nchi kavu na darubini, kwenye baridi ya Januari, wakitafuta pezi lililobeba kitu mbele yake.

Septemba 2018, Scarlet alipofutwa kwenye daftari, ukoo ulibaki na orka 74. Sensa ya Julai 2025: kundi J 27, kundi K 14, kundi L 33. Jumla 74.